Mamdogo Nakuja

Ukiwa na mimba ya miezi minane, mtoto wa miaka sita na mwingine wa miaka mitatu, safari inayokufaa ni ya kutoka kitandani hadi chooni na kurudi. Hivyo ndivyo Fundi Mapazia alivyoambiwa na kila mtu. Mumewe alimwambia, mama mkwe akamwambia kwenye simu, na hata mteja mmoja aliyekuja kuchukua mapazia yake ya sebuleni aliangalia tumbo, akaangalia begi lililofungwa pale mlangoni, akatoa maoni yake bila kuulizwa. Fundi aliwashukuru wote kwa zamu. Kisha akawavisha watoto viatu, akapanda nao treni ya saa mbili asubuhi.

Sababu aliyoitangaza ni kwamba watoto wanahitaji kubadilisha hewa. Watoto wenyewe walikuwa na hewa ya kutosha. Mkubwa alikuwa msichana, naye akiitwa Bosi, kwa sababu ambazo abiria wote wa behewa lile walizielewa kabla treni haijaondoka stesheni, kwani alikwisha kuwapangia viti. Mdogo alikuwa mvulana, naye aliitwa Kifaru. Popote alipokwenda alitanguliza kichwa, na popote palipokuwa na kona alikuwa na mkutano nayo. Alizaliwa kwa kichwa vilevile, chap chap, mkunga akiwa bado anatafuta miwani yake.

Bosi ndiye aliyeleta matata tangu mwanzo. Yeye alikuja duniani kwa kutanguliza makalio, na tangu siku hiyo hajaona sababu ya kumwomba mtu radhi. Fundi alipenda sana kulisema hilo mbele za watu, na watu walipenda sana kucheka. Lakini wiki iliyopita, kliniki, daktari alimbonyeza tumbo huku na huku, akabonyeza tena. Akasema huyu naye amekaa vivyo hivyo, kichwa juu, makalio chini. Fundi hakucheka. Alitoka pale, akakaa kwenye benchi la nje, akagundua kwamba anaogopa, anaogopa kweli kweli, na kwamba katika dunia nzima kuna mtu mmoja tu anayemtaka awe naye ndani ya chumba cha kujifungulia. Balaa ni kwamba mtu huyo ndiye yule yule aliyewahi kumkimbia humo humo.

Huyo mtu walilala naye kitanda kimoja cha ghorofa miaka minne ya shule ya bweni, Fundi chini, mwenzake juu. Mmoja alikuwa mrefu kama nguzo ya simu na mwingine alikuwa Fundi, lakini matroni aliyekuwa haoni vizuri aliwaita pacha, na jina likawaganda. Pacha huku, Pacha kule. Shule ilipokwisha mmoja akaenda kwenye cherehani, mwingine akaenda kwenye unesi, akawa mkunga, tena mkunga wa kusifiwa. Fundi alipobeba mimba ya kwanza hapakuwa na mjadala nani atampokea mtoto. Siku ilipofika Pacha alivaa glavu, akampima, akavua glavu. Akasema, "Nakuja."

Sasa, kila mtu analijua neno hili na uhuni wake. Mtu anakupa mgongo, anatembea kuelekea upande usio wako, anazidi kuwa mdogo machoni pako, na anachokuambia ni kwamba anakuja. Mwenye duka anakuambia nakuja, anafunga duka. Fundi bomba anakuambia nakuja, unakaa na ndoo wiki mbili. Kwa kawaida tunasameheana. Lakini Fundi Mapazia alikuwa chali, miguu juu, mtoto kakwama kwa makalio, na neno hilo likatoka kinywani mwa Pacha wake likapita mlangoni pamoja naye. Badala yake aliingia mkunga mzee, mwanamke wa maneno machache na vidole vya chuma, akamtoa Bosi. Pacha hakurudi siku ile wala siku iliyofuata. Mwezi haukwisha akahamia hospitali ya mji mwingine, akatuma kishuka cha mtoto kwa mkono wa mtu. Miaka sita, kimya.

Fundi hakukaa kimya yeye. Ile hadithi aliisimulia kwenye vikao vya harusi, saluni, dukani kwake huku pini zimejaa mdomoni, na kila mara aliitia chumvi kidogo mpaka ikawa hadithi tamu kuliko zote alizonazo. Nyumbani neno likapata kazi yake. Maji yakikatika, yamefanya Nakuja. Soksi ikipotea, imemfuata Mamdogo Nakuja. Kwa hiyo, treni ilipokuwa inakata kona ya mwisho, Fundi aliposikia Bosi anamweleza jirani yao wa kiti kwamba wanakwenda kumsalimia Mamdogo Nakuja, jasho lilimtoka. Watoto wake hawakuwa wanatania. Hawakujua jina lingine.

Alimvuta Bosi pembeni, akamwambia kwamba leo atamwita Mamdogo tu, basi, inatosha.

"Kwa nini? Halipendi jina lake?"

"Analipenda sana. Ndiyo maana hataki lichakae."

Bosi alilipima jibu hilo, akaonekana kulikubali, akamgeukia mdogo wake na kumkataza kwa ukali. Kifaru alitikisa kichwa, akalirudia jina lile mara nne ili akumbuke vizuri asilitaje. Fundi aliahidi biskuti. Akaahidi pakiti nzima. Kwa jinsi alivyokuwa anaogopa, angeahidi kiwanda.

Nyumba ya Pacha ilikuwa ya aina ile inayokufanya uangalie nyayo zako. Makochi meupe, zulia jeupe, meza ya kioo. Mtoto wao mmoja alikuwa shule ya bweni, na nyumba ilikwisha sahau kabisa habari za watoto. Mume wake, Shemeji, alikuwa mpima ardhi, mtu wa mistari iliyonyooka. Hata viatu pale mlangoni vilikaa kama vimepimwa. Alitoka kuwapokea kwa bashasha, akachukua begi. Kifaru akampita mbio kuelekea sebuleni, akakutana na mlango wa kioo uliosafishwa mpaka haukuonekana. Mlio ulisikika hadi getini. Mtoto alikaa chini, akautazama mlango kwa heshima, akainuka. Mlango ndio uliobaki na alama.

Pacha alikuja akifuta mikono. Alikuwa mrefu vile vile, ila mabega yalikuwa yamekaa kama ya mtu anayebeba kitu. Aliangalia tumbo la Fundi kabla ya kuangalia uso wake, kisha akasema, "Karibu, mama."

Mama. Kama anavyoitwa mtu yeyote anayesubiri foleni. Fundi alikuwa amejiandaa kwa mengi, hilo hakujiandaa nalo, likamchoma. Akaulizwa za safari, akasema nzuri. Akaulizwa za siku nyingi, akasema nzuri, wakati hata moja haikuwa nzuri. Wakakaa kwenye makochi meupe, kila mmoja kwenye ukingo, wakazungumzia bei ya vitambaa. Fundi alijikaza kisabuni. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, ameifanyia mazoezi treni nzima, na kila alipofungua kinywa ilitoka nyingine kuhusu mapazia.

Chakula kikaandaliwa, wali na kuku, na watoto wakakalishwa juu ya mito ili waifikie meza. Bosi alikula kwa adabu ya kutisha. Kila mara alimwangalia mama yake kama polisi mwenzake. Shemeji alimsifu, akasema hajapata kuona mtoto mtulivu namna hii, na Fundi akaona huenda Mungu yupo upande wake, mchana utapita salama, na jioni atapata nafasi ya kusema lile lake. Kifaru akaomba maji. Jagi lilikuwa tupu. Pacha akalichukua, akasukuma kiti, na akielekea jikoni, mgongo kwao, akasema bila kufikiri, kama anavyosema binadamu yeyote, "Nakuja."

Kijiko cha Bosi kilisimama hewani.

"Mama," akasema, "amelitaja mwenyewe. Kwa hiyo na sisi ruksa."

Kabla Fundi hajameza, Kifaru alikwisha simama juu ya kiti, wali kidevuni, anaimba Mamdogo Nakuja, Mamdogo Nakuja, anapiga meza ya kioo kwa uma. Shemeji alicheka. Maskini hakujua lolote, aliona watoto wanachangamka. Akamuuliza Bosi hilo jina zuri limetoka wapi. Pacha alikuwa amerudi mlangoni na jagi mkononi, maji yanapita juu yanamwagika.

Bosi hakuhitaji kuombwa mara mbili. Aliteremka kwenye mito, akaenda katikati ya zulia jeupe, akalala chali, akanyanyua magoti, akaanza. Alikuwa amemwona mama yake akiigiza kipande hiki mara nyingi kuliko alivyomwona akisali. Alilia kama Fundi anavyolia, akamtukana baba yake kama Fundi anavyomtukana, akasema jamani huyu mtoto kakaa kwa matako kama mjumbe wa kamati. Kisha akainuka, akawa Pacha. Akavuta mabega juu ili arefuke, akavua glavu zisizokuwepo kidole kimoja kimoja, akatikisa kiuno kuelekea mlangoni, na kwa sauti nyororo ya puani akasema nakuja. Akageuka kusubiri kicheko. Mahali hapo watu hucheka siku zote, mpaka wengine hufuta machozi.

Hakucheka mtu. Fundi alitamani zulia limmeze, na kama lingemmeza angeliacha na doa. Kwa mara ya kwanza aliisikia ile hadithi yake akiwa amekaa upande wa pili, na haikuwa tamu. Shemeji aliwaangalia wanawake wawili, akapima hali ya hewa, na kwa kuwa kupima ndiyo kazi yake hakukosea. Akawaambia watoto waje nje awaonyeshe ile darubini yake ya miguu mitatu. Wakatoka. Bosi alikuwa anauliza amekosea wapi, maana hakuruka hata neno.

Pacha aliweka jagi mezani.

"Nilikuwa naijua," akasema. "Shangazi yako alinisimulia mimi mwenyewe, harusini. Hakujua kama nesi ni mimi. Ilibidi nicheke."

Fundi alisema samahani. Ajabu ilioje. Miaka sita alikuwa analingoja neno hilo litoke upande ule, na sasa lilikuwa limemtoka yeye, kwanza, mdomo ukiwa na wali. Aibu ilimshika mpaka masikioni. Lakini nyuma ya aibu hasira ilikuwa bado ipo, imekaa zake, haijaenda kokote. Akauliza, "Ulikwenda wapi?"

Alikuwa na majibu tayari kwa kila kisingizio. Kama angeambiwa zamu iliisha, alikuwa na la kusema. Kama angeambiwa aliitwa wodi nyingine, alikuwa na la kusema tena kali zaidi. Pacha alikaa kwenye kiti cha Kifaru, juu ya mito, akawa mrefu kupita kiasi.

"Stoo ya mashuka," akasema. "Wiki moja kabla yako nilikuwa na mama mwingine, mtoto kakaa hivyo hivyo. Walikufa wote wawili mikononi mwangu. Sikukuambia, ungeogopa. Halafu nikakupima wewe, nikagusa makalio, mikono ikaanza kutetemeka. Nikatoka. Nikamkuta yule mkunga mzee koridoni, nikamwambia aingie haraka. Nilitaka kurudi, Pacha. Nilifika mpaka mlangoni, nikashika kitasa. Kisha nikaingia stoo nikakalia mablanketi mpaka nikamsikia mtoto analia."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Sauti ni hiyo hiyo."

Kweli, nje Bosi alikuwa anamfundisha Shemeji namna ya kusimamisha darubini.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwandaa Fundi kwa ukweli. Alifikiria angesema kwamba Pacha alifanya la busara, kaleta mikono iliyo imara badala ya yake, mtoto kapona, mama kapona, kesi imekwisha. Ndivyo mtu mwema angesema. Lakini Fundi hakuwa amesafiri na mimba ya miezi minane kuja kuwa mtu mwema.

"Mkunga nilimpata," akasema. "Sikulia kwa kukosa mkunga. Nililia kwa sababu nilikutafuta pale kichwani pa kitanda, hukuwepo."

Pacha aliitikia kwa kichwa. Hakujitetea, na hilo lilikuwa gumu zaidi, maana mtu asiyejitetea humwezi. Akaeleza kwamba tangu siku ile hajaingia chumba cha uzazi. Aliomba kitengo cha chanjo. Watoto wanamwona wanapiga kelele, akasema, lakini angalau wanatoka wakitembea.

Ndipo Fundi akaisema ile sentensi. Haikutoka kama alivyoifanyia mazoezi. Ilitoka imevunjika katikati, na pua ikimchuruzika.

"Huyu naye amekaa vile vile. Naogopa, Pacha. Nataka uwepo."

Pacha aliangalia mlango wa kioo wenye alama ya kichwa.

"Mimi? Niliyekimbia?"

"Wewe. Hao wengine sijui wataponyokea wapi. Wewe angalau mlango wako naujua."

Pacha alicheka, kicheko kibaya, nusu yake kilio. Akasema hawezi kuahidi. Akasema tena, anamheshimu mno, hawezi kumpa ahadi ya uongo, na yeye mwenyewe anajijua.

"Usiahidi," Fundi akasema. "Ukiniahidi nitacheka, na siku hizi nikicheka najikojolea, na kochi lako jeupe."

Pacha akainuka, akaelekea jikoni bila kusema neno, na Fundi akasikia bomba linafunguliwa. Maji yalimwagika muda mrefu kuliko mikono miwili inavyohitaji. Fundi alitazama sahani. Akahesabu saa zilizobaki kabla ya treni ya kurudi, akajisemea moyoni kwamba basi, amejaribu, atazalishwa na darubini ya Shemeji.

Bomba likafungwa. Pacha alirudi mikono ikiwa imeinuliwa juu ya viwiko, inadondosha maji kwenye zulia, namna wanavyotembea watu wa kazi ile hata wakiwa nyumbani kwao.

"Lala hapo," akasema.

Fundi alilala kwenye kochi jeupe, na viatu vyake, na wali wa Kifaru kwenye gauni. Pacha alipiga magoti. Akaweka kiganja kimoja juu, chini ya mbavu, na kingine chini, akaanza kutafuta polepole, macho ameyafumba, midomo inasogea kama mtu anayesoma barua ndefu. Mikono ilikuwa ya baridi. Ilipita ubavuni, ikarudi, ikasimama mahali palipokuwa pagumu na pa mviringo.

"Hiki kichwa," akasema. "Bado ana wiki kadhaa, wengine hugeuka. Asipogeuka, asigeuke."

Hapo ndipo ilipoanza. Fundi aliihisi kupitia gauni, kwanza vidole, kisha viganja, kisha mikono mizima mpaka mabegani, inatetemeka kiasi kwamba na tumbo likatetemeka nayo. Akainua kichwa akamtazama mwenzake. Uso wa Pacha ulikuwa umelowa jasho. Fundi akangoja mikono ile iondoke.

Nje kitu cha chuma kilianguka kwa kishindo, na Shemeji, mtu wa mistari iliyonyooka, akatamka neno ambalo watoto wangelirudia njia nzima ya kurudi. Pacha hakugeuka. Mikono ilikuwa inatetemeka, na ilikuwa bado hapo.